Gari Ambalo Nyanya Angeingia Mwenyewe

Juzi, siku ya pili ya likizo, nilitumwa sokoni Voi kununua vitunguu, nikaona gari letu likipita. Nasema letu kwa mazoea tu. Baba alishaliuza, na aliyekuwa kwenye usukani ni mama mmoja nisiyemjua, amepanga trei za mayai mpaka zimefunika kioo cha nyuma. Lilikuwa lile lile: fupi, limesimama wima kama kabati, na ule mkwaruzo tulioupata kwenye lango la kanisa. Nikabaki hapo na vitunguu vyangu mpaka likapinda kona. Nilitamani kumwambia mtu, "Hilo mimi ndiye niliyelichagua." Hakukuwa na mtu, na hata angekuwepo nisingesema. Mimi si wa kusema. Ndiyo maana nakuandikia wewe, rafiki yangu, ambaye huwezi kunitazama usoni.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa tumepanga nyumba hapa Voi, bati lake likilia ta! ta! mchana kwa joto. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama akiuza mboga. Nyanya, mamake mama, alikaa Chawia, kule juu ambako asubuhi unatoka nje na sweta na huoni hata zizi la ng'ombe kwa ukungu. Mama alinipeleka huko karibu kila Jumamosi. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kukata majani ya ng'ombe na kuchochea moto wakati nyanya akiponda kimanga. Ndizi na maharagwe vilipondwa kwa mwiko mpaka sufuria ikaruka juu ya mafiga, na ule ukoko wa chini ulikuwa wangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nyanya hakuwahi kuniambia, "Mbona huongei?" kama watu wengine. Alinisogezea tu ukoko.

Lakini magoti yake yalikuwa yameisha. Na alikuwa na pressure, kwa hivyo kila mwezi alitakiwa kliniki Voi. Pasaka ya mwaka huo watu wawili walimbeba wakamwingiza kwenye gari la jirani, mmoja kwapani, mwingine miguuni, leso ikamfunguka mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani. Hakulia. Alipofika nyumbani alisema neno moja: "Mimi si gunia." Tangu hapo hakushuka tena Voi. Dawa zikawa zinaisha kabla hajaletewa nyingine, na siku moja jirani alimkuta ameanguka shambani kwenye viazi.

Hapo ndipo baba alipoamua tununue gari, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata kukaa naye kiti cha mbele bega kwa bega haifai. Baba alimpenda sana nyanya, lakini akimsalimia alisimama mbali, kofia mkononi, akiongea na ardhi. Yeye ndiye angekuwa dereva. Mama peke yake hakuwa na nguvu za kumwinua mtu mzima. Basi unaona: gari lenyewe lilitakiwa kufanya kazi ambayo hakuna mtu nyumbani angeweza kuifanya.

Ajabu ni kwamba nyumba nzima ilizungumza kuhusu magari wiki tatu na hilo halikutajwa. Baba alitaka lile refu la chini, linalolala barabarani, kama la mwalimu mkuu. Mama alitaka pa kuweka kreti nne za kabeji na ndengu za kutoka Marungu. Ndugu yangu mdogo alitaka jekundu. Mafuta yalizungumzwa, vipuri vikazungumzwa, hata redio. Mimi niliandika yote kwenye daftari langu, nikagundua jina la nyanya halimo kwenye ukurasa wowote.

Jumamosi iliyofuata nilimchunguza bila yeye kujua. Kwenye kigoda cha jikoni hakuinuka bila mkono wangu. Kitandani aliinuka mwenyewe. Nikachukua kamba ya katani aliyofungia majani ya ng'ombe, nikapima kutoka chini mpaka ukingo wa kitanda, nikapiga fundo. Halafu nikapima kizingiti cha jikoni, ambacho mguu wake bado ulikivuka, nikapiga la pili. Kamba nikaitia kwenye soksi.

Siku ya kwenda yadi ya magari jua la Voi lilikuwa linachoma mpaka vumbi jekundu linanuka. Muuzaji alikuwa na miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Alimpeleka baba moja kwa moja kwenye gari refu, jeusi, linang'aa.

"Mwalimu, hii usiiwache. Ukiingia nayo shuleni, hedimasta ndiye atakusalimia kwanza."

Baba akacheka kile kicheko cha mtu ambaye ameshanunua. Mikono yake ilikuwa juu ya boneti. Mama akafungua buti, akasema kreti zitaingia mbili, si haba.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa kamba kwenye soksi, nikaishusha kando ya kiti. Fundo la juu lilibaki likining'inia hewani, kiti kiko kule chini.

"Fundi wa nguo ameingia yadi!" muuzaji akasema. "Auntie, unashonea gari sketi?"

Watu wakacheka. Uso wangu ukawaka. Baba akaniuliza napima nini, nikajibu nikitazama tairi, "Kitanda cha nyanya."

Wakacheka tena. Mama hakucheka. "Sema vizuri," akaniambia polepole.

Sijui maneno yalitoka wapi. "Hapa akikaa hawezi kuinuka. Kiti kiko chini sana. Nimempima."

"Si atainuliwa," muuzaji akasema. "Mwalimu hapa ana mikono."

Mama alitazama viatu vyake. Baba akaondoa mikono kwenye boneti kana kwamba imemchoma.

"Mimi siwezi kumwinua," alisema. "Huyo ni mama mkwe."

Muuzaji akashusha miwani ya kichwani, akairudisha. "Pole, mzee. Hilo sikujua. Basi twendeni huku nyuma. Kuna moja sikuwaonyesha kwa sababu wanaume wakiiona wananikasirikia."

Ndilo hilo kabati. Mlango wa nyuma haukufunguka kwa kuvutwa nje, ulisukumwa kando, shwaaa, ukaacha nafasi pana kama mlango wa nyumba. Nikashusha kamba. Sakafu ilikuwa chini kidogo ya fundo la pili, lile la kizingiti. Kiti kilifika fundo la kwanza, kimezidi unene wa kidole. Nyuma kreti tatu, na ukikunja kiti kimoja, nne. Baba alizunguka mara mbili, uso umemshuka.

"Na injini ndogo hivi itapanda Chawia?"

"Tuipandishe leo," mama akasema. "Hapa chini kila gari linakimbia."

Tukapakia mchanga magunia mawili, tukaingia wote, tukamwambia muuzaji twende milimani.

"Mnataka kuinunua ama kuioa?" alilalamika, lakini alikuja. Kwenye ule mlima wa mwisho wa barabara ya murram gari lilinguruma kama mbuzi mwenye kikohozi. Halikusimama. Baba akabadilisha gia, akasema, "Haya." Neno hilo tu.

Tulipolileta nyumbani, jirani yetu mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, alitoka na sahani ya kaimati kutupongeza. Akalitazama. "Hongera, wanangu. Mashallah. Lakini gari lenyewe mbona lafanana na kabati langu la vyombo?" Baba alikula kaimati tatu mfululizo.

Siku ya kliniki tulipanda Chawia mapema. Nyanya alisimama mbele ya ule mlango na leso mbili mpya, moja ameifunga kwa fundo gumu kiunoni. Baba akatembea mpaka migombani, akatugeuzia mgongo, akaanza kuchunguza ndizi kama mtu wa kilimo. Nyanya akaweka kiganja ukingoni. Mguu mmoja. Wa pili. Akageuka, akakaa. Akapiga kiti kwa mkono mara mbili, akaita kwa sauti, "Mkwe! Ndizi hizo bado! Njoo uendeshe!"

Baba alirudi amefumba mdomo kwa nguvu. Nilidhani anazuia kicheko. Sasa najua hakikuwa kicheko.

Miaka iliyofuata nyanya alishuka kila mwezi, na Jumapili akafika kanisani kabla ya kengele. Alijifunza hata kuufunga ule mlango, akawa anawagombeza wanaoubamiza. Safari yake ya mwisho, mwaka jana, alikuwa mwepesi kama kuku aliyenyeshewa. Mama alinyoosha mikono amsaidie. Nyanya akasema, "Niache. Nipe muda tu." Tukampa. Ukungu ulikuja ukapita, ng'ombe wa jirani wakaenda mtoni wakarudi, baba amesimama migombani ametugeuzia mgongo.

Nyumba ya Chawia sasa imefungwa, mafiga yamepoa, na ukoko wa kimanga sijauonja tena. Mama anapika kwa gesi na haushiki. Baba husimulia watu kwamba gari lile alilichagua yeye, na mimi humwacha. Darasani bado siinui mkono hata jibu nikilijua. Lakini nyanya aliingia kwenye gari letu kwa miguu yake mara zote, hata ile ya mwisho, na leso yake haikufunguka.