Upepo wa Ubeti Mmoja

Nathanaeli Mughwai, jirani yangu wa zamani kule upande wa Ilongero, alikuwa mtu wa kuulizauliza. Alifanya kazi kwenye genge la kujenga barabara, na alipoacha, wenzake walirudi na mablanketi, yeye akarudi na dinamo ya lori bovu. Akachonga mbao mfano wa pangaboi, akazifunga kwenye ile dinamo, akasimamisha mlingoti nyuma ya tembe lake. Upepo wa Singida mnaujua. Pangaboi likazunguka, betri ikajaa, redio ikasema. Umeme unaingiaje ndani ya betri bila mtu kuuona, mimi sikuelewa siku ile na sielewi hadi leo.

Mwaka wa sabini na nne tukaambiwa tuhamie kijijini, tukae pamoja. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Mselemu, akamwambia Nathanaeli achague upesi kati ya viwanja viwili: kimoja juu kilimani, kingine bondeni karibu na kisima. Mkewe, Esta, mama yake Hana, alitaka kisimani. Nathanaeli alitaka penye upepo, ila hakupenda kumlazimisha mtu. Akasema tupime, upepo wenyewe uamue.

Kipimo alikitengeneza mwenyewe. Makopo manne madogo kwenye vijiti viwili vilivyopishana, juu ya mti mrefu, na kopo moja akalipaka rangi nyekundu. Upepo ukipuliza yanazunguka, nawe unahesabu jekundu limepita mara ngapi. Sasa utahesabu kwa muda gani, na saa hatuna? Akaamua tutumie wimbo wa kanisani, ubeti mmoja. Ukianza unahesabu, ukiisha unaacha. Kuimba na kuhesabu kwa pamoja kulimshinda. Mimi nilishika mti. Basi akaimba Esta, maana sauti alikuwa nayo.

Tulianza nyumbani, kando ya pangaboi lenyewe, ili ajue upepo unaojaza betri una hesabu gani. Hapo hapakuwa na neno. Tukapanda kilimani. Upepo ulinivua kofia, nikaiacha iende, maana mikono ilikuwa na mti. Makopo yalikuwa yakilia. Esta akaimba, Nathanaeli akahesabu, akakunja uso. Hesabu ilikuwa chini ya ile ya nyumbani.

Tukateremka bondeni. Huko majani ya mtama yalitikisika kwa uvivu tu. Esta akaimba, Nathanaeli akahesabu, na hesabu ikaipita ya kilimani.

Akakaa chini. Akaniuliza kama nilishika mti sawasawa. Akayapuliza makopo kwa mdomo, yakazunguka vizuri. Akasema labda upepo wa juu unapita kwa haraka mno, makopo hayapati nafasi ya kuukamata. Lilinielea, halafu nikifikiri tena halikunielea. Tukapanda upya, tukashuka upya, na jibu likawa lile lile. Kusema kweli nilianza kuuogopa ule upepo.

Mzee Mselemu akaja bondeni kutaka jibu, akamkuta Esta anamalizia ubeti. Yeye ni Mwislamu, nyimbo zetu hazijui, lakini masikio anayo.

"Mama Hana," akasema, "nimewasikia mkiwa kule juu. Wimbo ulikuwa unakimbia kama umefukuzwa na nyuki. Hapa unakokota miguu."

"Kule kuna baridi, mzee," Esta akajibu.

Ndipo nikaanza kuona, polepole. Ubeti ukivutwa, kopo jekundu linapata muda wa kupita mara nyingi. Ukiharakishwa, halipati. Nathanaeli akamgeukia mkewe.

"Mama Hana, umeniimbia nini?"

"Ubeti mmoja, kama ulivyosema. Baba Hana, upepo unakuja wenyewe hata ukiwa umelala. Maji hayaji. Maji nabeba mimi."

Mzee Mselemu akajitia kutafuta kitu mfukoni. Nathanaeli akaniuliza mimi naonaje, nikamwambia nilichojua ni kwamba sina kofia. Akayatazama makopo muda mrefu. Yalizunguka, yakasimama, yakazunguka tena.

"Tuandikie kisimani, mzee," akasema.

Nyumba wakaijenga bondeni. Mlingoti akausimamisha kilimani, peke yake, baada ya kuomba ruhusa kwa balozi. Betri ikiisha aliibeba begani, juu ya ngata ya khanga ya Esta, akapanda nayo, akaiunganisha, na ikijaa akaifuata. Hakumtuma mtu. Mara nyingi alikutana na wanawake wanaotoka kisimani na ndoo zao kichwani, nao hawakumwacha apite hivi hivi.

"Shikamoo, baba. Leo umeteka ngapi?"

"Marahaba," anajibu, kijasho kinamtiririka. "Sijui, mwanangu. Leo sikupima."