Chaki ya Fundi Baiskeli
Fundi baiskeli wa mtaani kwetu hataki soga akiwa kazini, maana spoku anazipima kwa sikio. Juzi mama muuza mikate alimletea gurudumu lililojikunja kama jani kavu, akasema, “Fundi, hili likishindikana, kesho mikate naibeba kichwani.” Fundi alilizungusha, akashikilia chaki karibu na ringi; palipopinda pakajichora penyewe. Akakaza spoku moja, akalegeza ya pili, akaigonga kwa ukucha na kuisikiliza, kisha akafuta alama kwa kidole gumba na kuzungusha upya. Mwishowe chaki haikugusa kitu. Gurudumu likazunguka, naye akalitazama mdomo wazi. Likasimama; akalizungusha tena.

“Bado tu?” mama akauliza.

“Lilishapona zamani, mama. Hapa nafaidi tu.”