Mwanamke wa Mlangoni katika Picha za Damiani

Damiani, baba wa watoto wangu, alikuwa mchora ramani za nyumba mjini Babati miaka ile ambayo karibu hakuna aliyejenga. Saruji ilitaka kibali, bati lilitaka kibali na kumjua mtu, na misumari tuliing'oa ya zamani tukainyoosha. Lakini watu hawakuacha kutaka nyumba. Walikuja kwetu na kuku au maharage, wakasema, "Fundi, nichoree. Nikiwa na picha nitapata nguvu ya kungoja."

Ramani yenyewe hawakuielewa. Mimi pia, ambaye sikukaa darasani, niliona mistari tu, kama njia za panya. Kwa hiyo Damiani akaanza kuwachorea nyumba kama itakavyoonekana ukisimama barabarani, kwa penseli za rangi, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji aliyoikung'uta na kuipiga pasi.

Hakuweza kuchora kitu asichokiona. Wengine hubuni, yeye hapana. Akitaka mti, alikwenda kukaa mbele ya mti. Na ili watu wajue mlango una urefu gani, alichomeka miti miwili ardhini akaniita nisimame katikati. Nilisimama juani, mkono mmoja kwenye mti, mtoto mgongoni, mboga ikiungua jikoni.

"Usicheke, Mama Xaveria. Shusha bega."

Basi kila nyumba aliyoichora ilikuwa na mimi mlangoni. Sokoni wanawake walinitania: "Shikamoo, mwenye nyumba zote za Babati! Utatupangisha lini chumba?" Nilijifanya nimekasirika, lakini nilipenda.

Nyumba moja ilikuwa iwe yangu kweli. Damiani alikuwa amegawiwa kiwanja Bonga, kando ya barabara ya Dodoma. Kila kiangazi nilikwenda huko kufyatua matofali, nikayachoma, nikayafunika kwa nyasi. Nilipanda ua wa minyaa kuzunguka kiwanja chote. Damiani alisema saruji ikipatikana tutaanza msingi, tutoke kwenye chumba cha kupanga. Nilikuwa nakanyaga udongo huku nikiona mahali jiko langu litakapokaa.

Ndipo akaja Leonia na cherehani yake, akakaa kwenye kibaraza cha duka la Salum. Mwanamke mrefu, shingo ndefu, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Hana mume, hana mtoto, mikono laini. Siku moja Damiani alipita pale na picha chini ya kwapa. Leonia akaiomba, akaitazama, akacheka.

"Fundi, nyumba yako inaelea."

"Inaelea vipi?"

"Haina kivuli. Na ukuta ni safi mno. Mvua ikinyesha hapa Babati, udongo mwekundu unaruka mpaka hapa." Akamgusa gotini. "Mtu akiliona tope hilo ndipo atasadiki kwamba ni nyumba."

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya sukari, hatua chache tu kutoka pale. Kile kidole nilikiona.

Siwezi kusema uongo, picha zilipendeza. Damiani aliweka tope chini ya ukuta, kivuli chini ya paa, nguo kwenye kamba, moshi jikoni. Eustace, karani wa posta, alipopewa yake aliugusa ukuta kwa ncha ya kidole, halafu akakitazama kidole. Nyumbani ikawa Leonia kasema hivi, Leonia kaona vile. Mimi niliyesimama juani miaka yote sikuwahi kuulizwa naona nini.

Na katika picha hiyo ya Eustace, mwanamke wa mlangoni hakuwa mimi.

"Huyu nani, Baba Xaveria?"

"Kipimo tu."

"Kipimo kina hereni?"

"Ulikuwa shambani. Nikamwita aliyekuwa karibu."

"Aliyekuwa karibu. Haya."

Sokoni walikuwa wameshaiona. "Mama Xaveria, mbona umerefuka!" Kicheko kikapita kutoka genge hadi genge. Nilinunua samaki bila kupatana bei, nikaondoka.

Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba viwanja vya Bonga vilivyokaa bure vitarudishwa serikalini. Balozi wa nyumba kumi wa huko, mzee Melkiadi, akapanga siku ya kukagua, kila mwenye kiwanja aonyeshe atajenga nini. Mimi nilitangulia alfajiri kufyeka majani. Damiani akaja baadaye na picha imeviringishwa, akachomeka miti yake miwili mahali pa mlango. Majirani wakakusanyika. Melkiadi akaikunjua picha.

Ilikuwa nzuri kuliko zote. Mlima Kwaraa nyuma, ua wangu wa minyaa, rundo la matofali yangu na nyasi juu yake. Na mlangoni Leonia, ameegemea fremu kama mtu aliye kwake.

Damiani hakuweza kuchora asichokiona. Kwa hiyo Leonia alikuwa amesimama hapa, kando ya matofali yangu, nami niko mjini nimepanga foleni.

Mzee Melkiadi hakujua lolote. "Kazi safi," alisema. "Sasa mama mwenye nyumba asimame mlangoni, majirani wamjue wa kumwomba moto." Hivyo ndivyo alivyofanya kila kiwanja siku ile.

Nikapiga hatua.

"Mama Xaveria, subiri," akasema Damiani.

"Nisubiri nini?"

Yeye alikuwa anatazama barabarani. Leonia alikuwa anakuja na chupa ya chai, amejifunga kanga mpya. Miaka ile, kanga mpya!

Jirani yetu Ursula hakujizuia. "Heee! Kwani huyu aliyefyatua matofali alikuwa kibarua?"

Melkiadi akaitazama picha, akanitazama mimi, akamtazama Leonia. Akaiviringisha polepole.

"Baba Xaveria, kiwanja kina jina lako, na siwezi kukuchagulia mke. Lakini matofali haya tumeona wote ni nani aliyeyafyatua. Mama, ni yako. Unayataka yaende wapi?"

"Sigino," nikasema. "Kwa kaka yangu Cornel."

"Nami nitajengea nini?" Damiani akauliza.

"Jengea tope. Lile linaloruka mpaka gotini."

Cornel alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, tukasomba mpaka tofali la mwisho. Leonia alikuwa kando ya ua wangu. "Pole, dada," akaniambia. Nikamwambia Cornel aswage ng'ombe.

Sigino sikungoja saruji. Tulijenga kwa matofali yale na udongo, tukaezeka kwa nyasi, na mimi na watoto tuna vyumba vyetu na jiko. Wapita njia huisifu. Lakini siku za mnada nikimwona mtu wa Bonga, namuuliza habari za mvua, za mahindi, mpaka afike mwenyewe kwa Damiani na Leonia. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja: wanakaa kwenye kibanda cha fito, msingi umeota majani. Siku hizo nilikula nikashiba.

Mwezi uliopita Cornel alitoka huko, akavua viatu mlangoni, akasema wameezeka. Bati jipya, linang'aa mpaka barabarani.

"Na ukuta?"

"Wamepiga lipu. Wamepaka na chokaa."

Nikamwambia anawe mikono ale. Mimi nikatoka nje, nikashika shoka, nikaanza kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimeshachanjwa.