Kidole cha Karani Juu ya Ramani

Kila mwaka theluji inapoyeyuka, karani wa kata huwaita watoto wa darasa la tatu kwenye ukumbi wa mbao ili awaonyeshe kata yao. Huwaokea biskuti, huwatandazia ramani, akailainisha kwa kiganja, kisha kidole chake chenye kucha fupi hufuata barabara za kokoto: huku mashamba ya mahindi, huku kanisa la Walutheri, kule makaburi. Huongea kwa upole, kama anamtuliza ng'ombe. Mwaka huu watoto walikuwa sita, na kidole kiliiruka shule yao.

"Bibi, umeisahau shule," alisema Thea, binti wa mfugaji. "Au kwa kuwa mwezi ujao inafungwa?"

"Watu wazima walipiga kura, mwanangu."

"Baba anasema tulishindwa kwa kura moja tu. Wewe uliipigia upande gani?"

Mwalimu wao akamkemea. Karani, aliyezihesabu kura zile mara tatu akiomba awe amekosea, aliendelea kulainisha ramani.

"Nilisema ifungwe," alijibu. "Kodi ya shule ilinishinda."

Thea aliitazama biskuti aliyookewa, akairudisha sahanini. Wenzake nao wakarudisha zao, mmoja mmoja.