Ya Mdogo Wangu, Mara Mbili

Hapa mtaani Yeoville, ugenini, maji yakirudi bombani baada ya kukatika, hutoka mekundu yakinuka chuma, na harufu ile hunirudisha kisimani kwetu Katanga, bondeni chini ya mgodi wa shaba. Kuyanywa maji yale kulikuwa kama kulamba msumari. Mama aliyachemsha mpaka ukoko wa kijani ukashika sufuria, na ya mdogo wangu mchanga aliyachemsha mara mbili.

"Moto unaua kila kitu," alisema.

Madini hayafi kwa moto, yanazidi kukolea. Hilo nilikuja kulijua huku, ukubwani. Mdogo wangu alichelewa kutembea, na kusema hajasema mpaka leo.

Asubuhi hii, huku tunakoishi sote watatu, mama ananipa birika.

"Ya mudogo wako chemsha mara mbili, papa," anasema, akiniita kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe.

"Ndiyo, mama," ninajibu, na ninawasha jiko.