Wimbo wa Tatu wa Upande wa Pili

Mimi ni fundi redio hapa Mpanda, na katika maisha yangu nimewaambia watu wengi kwamba vyombo vyao vimekufa kwa uzembe wao wenyewe. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani anayesimulia. Sina subira na anayeweka kikombe cha chai juu ya spika. Lakini kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye chombo cha muziki nililifanya mwenyewe, nyumbani kwangu Ilembo. Nilikaa nalo miaka bila kujua, kisha nikakaa nalo miezi minne nikijua.

Tulikuwa watu watatu tunaopenda santuri. Mjini walituona kama tumechanganyikiwa kidogo, maana siku hizi mtoto wa darasa la tatu anatembea na nyimbo mia tano kwenye simu ya mama yake, na sisi tunazifunga sahani za plastiki kwenye blanketi na kuzibeba kwa mikono miwili. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mfanyabiashara wa vitenge na nyuzi pale sokoni. Amenizidi umri kwa miaka kumi, namwita kaka, na mke wake nilimwita shemeji. Wa tatu ni mfugaji wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa kijana. Anakaa mbali kidogo na mji, huja kwa pikipiki, na hajawahi kufika kwangu bila dumu la maziwa.

Santuri ndogo za muziki wa dansi tulikuwa nazo nyingi. Hizo tulizipiga dukani kwa kaka, kwenye kigramafoni chake cha betri, ambacho santuri kubwa haikuingia. Kubwa zilikuwa nne tu, zote za kigeni: mbili za kwaya za Kijerumani, moja ya kinanda cha kanisani, na hii ninayoisimulia. Kubwa zilipigwa kwangu, kwenye mashine niliyoachiwa na padre mmoja wa Kimarekani alipokuwa anarudi kwao. Alinikabidhi pamoja na maneno kwamba niitunze, na nilijiona mtu mkubwa kwa wiki nzima.

Santuri yenyewe ilitoka Mishamo. Kaka alikwenda huko kununua maharage, akaiona kwenye nyumba ya familia moja iliyokimbia Burundi zamani. Mzee wa nyumba ile alitoka nayo Bujumbura ikiwa ndani ya godoro lililokunjwa, na hakuwahi kuisikia tena mpaka anakufa kwa sababu hakuwa na cha kuipigia. Jalada lilikwisha kuliwa na mchwa. Watoto wake waliitoa kwa doti mbili za kitenge, na kaka akarudi nayo mjini akiwa ameiweka mapajani, maharage ameyasahau kabisa.

Ni muziki wa watu wa Amerika wanaoimba Kihispania. Kuna jazi ndani yake, kuna ule mdundo wa besi wanaouita fanki, na kuna ngoma za mikono zinazosemeshana chini kwa chini tangu mwanzo hadi mwisho. Tarumbeta ni mbili. Piano inapigwa na mtu ambaye nahisi alikuwa mkorofi, maana kila wenzake wanapotulia yeye ndipo anapoanza. Hatukuelewa neno hata moja, lakini tuliijua santuri ile kama mtu anavyojua njia ya kwenda shambani kwake. Tulijua mkwaruzo uko wapi, tulijua mpiga besi anakosea wapi na anavyojirekebisha, na tulijua mahali ambapo mtu mmoja studioni anacheka kwa mbali. Msukuma alisema yule anayecheka ndiye mwenye pesa za kurekodi. Tulibishana juu ya hilo Jumapili tatu.

Tulikuwa na taratibu zetu. Santuri ililala kwa kaka, mashine ililala kwangu, ila Jumapili za Ramadhani tuliibeba kwenda kwa kaka, na sindano za akiba zilikaa kwa Msukuma, kwenye kopo la dawa ya ng'ombe lililooshwa vizuri. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusikiliza peke yake. Tulikutana Jumapili, mimi nikitoka kanisani na kaka akishaswali adhuhuri. Upande ukishaanza, hakuna kusema mpaka uishe. Mgeni aliyesema hakukaribishwa tena, na ndugu zangu wawili wamenikasirikia kwa hilo mpaka leo.

Wimbo wa tatu wa upande wa pili ndio uliokuwa roho ya kaka. Unaanza piano peke yake, halafu filimbi, halafu ngoma zinaingia taratibu sana, kwa heshima, kama watu wanaofika msibani. Ndivyo tulivyousikia. Mwaka jana mke wake alipofariki, kaka alikaa wiki sita bila kuja. Alipokuja, aliomba wimbo huo tu. Baada ya hapo akawa anakuja na Jumatano, akishafunga duka, santuri kwapani, na mimi nikaacha kazi zangu nikampigia.

"Wimbo huu unatembea kama mama watoto," aliniambia siku moja. Shemeji alikuwa na nyonga mbovu miaka yake ya mwisho, alitembea polepole. Nilimwangalia yule mtu mgumu, ambaye wateja wanamwogopa kwa ubishi, akifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha dukani. Nilimpenda sana kaka yule siku ile, na nilifurahi kwamba kuna kitu naweza kumfanyia.

Sasa kosa. Binti yangu anasoma uuguzi Mwanza. Nilimtumia picha ya ile karatasi ya katikati ya santuri, nikimtania kwamba yeye na mtandao wake hawawezi kuipata. Kesho yake akaipata. Alinitumia upande wa pili mzima, nikausikiliza nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nilidhani simu imeharibika. Tarumbeta zilikuwa juu, sauti za waimbaji nyembamba, na wimbo wa tatu ulikuwa unarukaruka. Nilimpigia simu binti nikamwambia amepata ya wahuni, iliyochakachuliwa.

"Baba, mbona ndiyo hiyo hiyo? Hebu hesabu mashine yako inavyozunguka."

Nilirudi nyumbani nikabandika kipande cha karatasi kwenye sahani ya mashine, nikashika saa. Mashine inatakiwa kuzunguka mara thelathini na tatu na kidogo kwa dakika. Yangu ilizunguka ishirini na nane isiyotimia. Nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu, kisha nikakaa chini.

Umeme wa Marekani na wetu unatofautiana mambo mawili. Wa kwao una nguvu ndogo, na hilo nililijua, nikaitafutia mashine transfoma siku ile ile niliyoipokea. Lakini pia wa kwao unapiga haraka kuliko wetu, na mota za namna ile hufuata mapigo ya umeme. Kwenye umeme wetu lazima izunguke taratibu. Hili nilifundishwa chuoni nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Tulipokuwa na umeme wa majenereta, chochote kilichokwenda kombo tuliwasingizia majenereta. Zile kwaya zilisikika nzito, tukasema Wajerumani wana vifua. Tuliamini hivyo, watu wazima watatu.

Niliona aibu, sitaki kudanganya. Lakini aibu ingeisha kwa siku mbili, kwa soda na kuchekwa. Kilichonizuia kusema ni kaka. Kile alichokuwa anakifuata kwangu kila Jumatano kilikuwa hakipo kwenye santuri. Kilikuwa kosa langu. Nikiisahihisha mashine, namnyang'anya. Nisipoisahihisha, mimi fundi ninampigia mwenzangu kitu ninachojua ni kibovu, na ninamtazama akilia. Miezi minne nilichagua la pili, na kila Jumatano nikawa mkali kwa wateja wangu bila sababu.

Halafu akaniomba kitu. "Mdogo wangu," alisema, "niwekee ule wimbo kwenye memori. Niupige pale dukani. Nimeihamishia pale cherehani ya mama watoto, nakaa nayo imefunikwa, siku nzima hakuna sauti."

Hapo nilibanwa. Nikirekodi kutoka kwenye mashine yangu, uongo unahamia dukani kwake na kukaa huko mpaka afe. Nikimpa ule wa binti, atajua. Nilimjibu kwamba memori zote nilizonazo ni mbovu, anisubiri, na nikaenda kwa mchonga vyuma anichongee kigurudumu kinene zaidi cha kukaa kwenye mota. Kazi ya nusu saa. Nilikifunga Jumamosi jioni, nikahesabu: thelathini na tatu na kidogo.

Nilikusudia kuwaeleza kabla ya kuanza. Msukuma alifika na maziwa, kaka akafika na santuri, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua. Nikanawa mikono. Nikaweka upande wa pili.

Sote tulikuwa tumefungwa na taratibu zetu wenyewe. Wimbo wa kwanza ulipotoka mbio, Msukuma alinigeukia na macho yamemtoka, lakini hakusema. Kaka aliinamisha kichwa. Wimbo wa pili, vile vile. Nilitamani mmoja wao avunje sheria anitukane. Mkorofi wa piano alikuwa anacheza, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba hakuwa mkorofi, wenzake walikuwa wanampisha kwa furaha. Wimbo wa tatu ukaanza. Piano, filimbi, na ngoma zikaingia zikiruka. Sikuweza kumwangalia kaka usoni, nikaangalia mikono yake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinapiga meza taratibu, pole pole, vikiachwa nyuma na ngoma. Kisha vikasimama. Kisha vikaanza tena, kwa namna nyingine, na safari hii vikaenda sawa na ngoma mpaka mwisho, bila kukosea hata mara moja. Wimbo wa nne ulipita sikuusikia.

Sindano ilipoinuka, Msukuma ndiye aliyeanza. "Nyie, leo wale watu wamefukuzwa na nini?"

Nikawaeleza yote. Umeme, mota, mtihani wa chuo, binti yangu, foleni ya mashine ya kusaga. Nikasema nilijua tangu miezi minne iliyopita, na kwa nini nilinyamaza. Nikamwambia kaka kwamba kigurudumu cha zamani ninacho mfukoni, na akitaka nakirudisha sasa hivi, sitamuuliza kitu.

Msukuma alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunalia harusini kwa watu."

Kaka hakucheka. Hakukasirika pia. Alikuwa anaviangalia vidole vyake.

"Wewe hukuwa unamwona," aliniambia, "maana alikuwa akikaa chumba cha ndani na cherehani, siku zile tulipokuwa tunaileta mashine kwangu wakati wa Ramadhani. Siku moja mlipokwisha kuondoka, mama watoto aliniambia wimbo huu unaburuta miguu. Alisema hawa watu wamechoka au mashine imechoka. Akaacha kushona, akaja akanipigia kwenye meza, akasema unatakiwa uende hivi."

Akapiga meza. Ilikuwa ni ile ile namna ya pili.

"Ukamwambiaje?" Msukuma aliuliza.

"Nilimwambia hana sikio. Akasema, basi muulize fundi. Akanikumbusha kama mara tatu, muulize fundi." Aliviondoa vidole mezani. "Sikuuliza. Niliona nitachekwa, kuja kwa fundi na neno la mwanamke wa cherehani. Nikamwambia nimeshauliza, na fundi amesema mashine haina tatizo. Hakusema tena. Kila tukiupiga alikuwa anafunga mlango."

Nilitafuta neno la kumpunguzia. Nilitaka kumwambia kwamba yote yangeisha siku ile kama angeniuliza, kwamba ningeishika saa, ningehesabu, na shemeji angetoka chumba cha ndani akatucheka wote watatu. Lakini ninajijua. Ninajua ninavyowajibu watu kwenye meza yangu ya kazi, na najua ningemjibu nini mwanamke ambaye hajawahi kushika bisibisi.

"Kaka," nilisema, "ungeniuliza, ningekujibu hivyo hivyo."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniomba niuweke huo, wa mbio, kwenye memori.