Fundo Jekundu kwenye Wavu

Kwa kushona nyavu za kuwafichia askari, mama yule humwambii kitu. Miaka kumi na mmoja karakanani, na mkaguzi hajawahi kumrudishia hata wavu mmoja. Mwanawe wa pekee alipopelekwa mpakani, akaanza mtindo wake: kila wavu aliomaliza aliufunga fundo la uzi mwekundu pembeni, ndani ya upindo.

"Ukiliona fundo," alimwambia, "ujue hapo umefunikwa na mama yako. Usikubali mwingine."

Leo asubuhi kaja fundi wa droni kutoka kambini. Akautandaza wavu wa mama huyo uani, akamwingiza msimamizi chini yake, kisha akarusha kidude chake juu. Wote wakainamia kioo. Lo! Wavu haukuonekana. Msimamizi alionekana mweupe pe, na kitambi chake chote. Washonaji wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Inaona joto, mama," fundi akasema. "Hata la panya. Na wale wa ng'ambo ya mpaka wanazo tangu mwaka jana."

"Sasa hizi nyavu?"

"Oda ilishatoka. Shoneni tu."

Shoneni tu! Jamani, mtu anasema hivyo hata mate hamezi.

Basi tena, moyo ukakataa kutulia. Akikaa anasimama, akisimama anakaa. Uzi ukamkatikia mara tatu, yeye ambaye uzi haumkatikii. Akampigia mwanawe, hapatikani. Akapiga tena, vilevile. Saa ya chakula simu ikaita yenyewe.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Uko wapi?"

"Chini ya wavu wako, wapi tena? Nimepata wenye fundo. Wenzangu wote wamehamia humu, tuko tisa. Nimewaambia mama yangu hajawahi kurudishiwa kazi."

"Tokeni humo! Haufichi kitu! Droni zinaona joto lenu, mwanangu, tawanyikeni, sasa hivi!"

Kijana akacheka. "Mama nawe! Si wewe uliyesema nisikubali mwingine?"

Simu ikakatika.

Akapiga. Hapatikani. Msimamizi akapita akimkumbusha kuwa nyavu arobaini zinasubiri gari. Mama akachukua wembe, simu kaibana begani, akaanza kuyakata mafundo mekundu, moja baada ya jingine. Ya hapa aliyaweza. Ya mpakani hakuwa na la kuyafanya.

Akapiga tena.